Diski Isiyokuwa na Vumbi

Mimi simwamini mtu anayejieleza kabla hajaulizwa. Kwa hiyo siku nilipofika kwenye ile ofisi ya Ipagala, hapa Dodoma, Frank aliponifungulia mlango na kuanza, "Dada Debora, mimi sijagusa kitu, nimeikuta hivihivi," nilimtia alama moyoni hata kabla sijatua begi langu la ufundi.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi. Sebule imegeuzwa chumba cha kazi, chumba kimoja kimebandikwa magodoro ukutani ili wakirekodi sauti isivuje, na seva wameiweka stoo, jirani na mifagio na ndoo za maji. Hapo ndipo palipo na kazi ya miaka yao yote. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na seva haikuamka tena.

Mkuu wa ofisi, Madam Flaviana, alinieleza huku akiwa amesimama, maana kukaa alikuwa hawezi. Wanakusanya Kisandawe kwa sauti, hadithi, nyimbo, majina ya mimea na wanyama, ili watoto wa kule Chemba wawe na vitabu vya kusikiliza kwa lugha yao. Wamerekodi watu wengi, lakini nguzo ya kazi yote ni mwanamke mmoja wa Kwa Mtoro, Bibi Angelina. Alikuwa anajua mambo ambayo wenzake walishayasahau. Mvua zilizopita, Bibi Angelina alifariki.

"Na Frank ni mjukuu wake," Madam Flaviana alisema. "Yeye ndiye alikuwa anamrekodi. Bibi alikuwa hataki kuongea na mtu mwingine."

"Nakala ya hizo sauti ipo?"

"Ipo."

"Iko wapi?"

Alinitazama, kisha akaitazama stoo. "Si iko humo humo," akasema.

Kazi yangu imenizoesha kusikia jibu hilo, ila bado huwa linanipandisha hasira.

Sasa nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayaeleweki. Ndani ya seva ile mlikuwa na diski nne zinazofanya kazi kama kitu kimoja. Kila faili hukatwa vipande, vipande vikagawanywa kwenye diski zote pamoja na hesabu ya ziada, ili diski moja ikifa, zile tatu ziweze kuziba pengo lake. Ikifa moja, unaendelea kunywa chai yako. Zikikosekana mbili, unaita watu mje mlie pamoja.

Juu ya diski kuna kadi inayozisimamia, na hiyo ndiyo niliyoikuta imeungua. Nilikuwa nayo nyingine ya aina ileile, niliyoing'oa kwenye seva mbovu. Nikaichomeka, nikawasha. Nilijua itasema nini. Kadi ngeni haizijui diski za watu. Inakuta zina kumbukumbu za kadi nyingine, inaziandika kwenye skrini kwamba ni "Foreign", za kigeni. Halafu inakupa njia mbili: Import, yaani uzipokee zilivyo na mambo yake yote, au Clear, yaani uzifute kumbukumbu hizo uanze upya. Watu wameua kazi za maisha yao kwa hiyo Clear, kwa sababu inasikika kama usafi.

Frank alikuwa ameinama begani kwangu. "Dada, kwani tukiclear hiyo foreign si zitakuwa zetu?" akasema, na kidole chake kikaenda kwenye kibodi.

Nilimpiga mkono. Sikumpiga kwa utani. "Ukigusa tena hapa nakutoa nje," nikamwambia. Moyoni nikasema, huyu kijana ana haraka ya kufuta.

Niliposoma skrini vizuri, ndipo nilipoona hesabu haitimii. Diski za kigeni zilipaswa kuwa nne, au tatu ikiwa mojawapo imekufa na ule umeme. Nikaona mbili. Diski ya tatu kwa mpangilio ilikuwa imekufa kweli, haizunguki. Na ya pili ilikuwa hai na nzima kabisa, lakini kadi iliitambua kama diski mpya ambayo haijawahi kuandikwa kitu. Diski mpya, katikati ya seva iliyofanya kazi miaka yote hiyo.

Nikazima, nikaichomoa. Dodoma kila kitu kina vumbi. Zile nyingine zilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye mashimo ya skrubu. Hii ya pili, fremu yake ilikuwa na vumbi kama wenzake, lakini diski yenyewe ndani ya fremu ilikuwa inang'aa, na skrubu zake zina mikwaruzo mibichi ya bisibisi.

"Madam," nikaita. "Njoo uone. Kuna mtu amefungua hapa, akachukua diski yenu, akaweka nyingine."

Alikuja, akaangalia, akashika ukingo wa mlango. "Achukue ya nini?"

"Wewe ndiye unayejua kilichomo."

Ufunguo wa stoo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari jikoni. Kila mtu aliufikia. Wakati tunazungumza hayo akapita Mzee Sebastiani, mtunza ofisi, mtu mzima anayekaribia kustaafu, kofia mkononi, mfuko wa koti umevimba kwa kitasa kibovu alichokuwa amekibeba. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama diski mkononi mwangu, akatazama uso wangu, akaendelea na safari yake. Sikumfikiria mara mbili. Mzee wa watu, mwenye vitasa vyake.

Nikamwomba Madam aite kila mtu sebuleni. Nilisimama mbele yao na ile diski mkononi, nikaongea nilivyozoea kuongea. Nikasema humu ndani kuna mwizi. Nikasema diski haina miguu. Nikasema atakayebainika atakwenda kueleza polisi, na kwamba mimi sikuja kubembeleza mtu. Mzee Sebastiani alikuwa anaikunja na kuikunjua kofia yake. Frank peke yake ndiye aliyenyanyua mkono, kama yuko darasani.

"Dada Debora, labda si wizi. Labda..."

"Labda nini? Unajua kitu?"

"Hapana. Nasema tu labda."

Nikaomba begi lake mbele za watu. Madam Flaviana hakupenda, lakini hakukataa. Humo mlikuwa na shati, visikizi, pakiti ya ubuyu, na bisibisi ndogo.

"Ya nini hii?"

"Ya kufungulia kinasa sauti, kubadilisha betri." Akanigeukia. "Dada, mimi nitamwibaje bibi yangu?"

Kila mtu alinitazama, akisubiri nione haya. Sikuona. Nilifikiri kinyume chake: nani mwingine anajua thamani ya zile sauti? Vyuo vya nje vinazitaka. Msichana wa kufagia angeichukua diski ile aifanyie nini? Anayejua thamani ndiye wa kwanza kutazamwa. Nikayasema hayo kwa sauti, yote, kwa utaratibu, na nilipomaliza Frank alikuwa hatazami tena mtu yeyote. Alirudisha shati lake begini, akaacha bisibisi juu ya meza.

Madam alimwambia akapumzike nyumbani mpaka mambo yaeleweke. Alitoka bila kuaga. Baadaye nikasikia amepanda basi la Kwa Mtoro.

Kazi sikuisimamisha. Kanuni yangu ni moja, sigusi diski ya mtu kabla sijaitolea nakala, kwa hiyo zile mbili zilizokuwa za kweli nilizinakili kipande kwa kipande kwenye diski zangu, nikazifungia mbali. Mbili hazitoshi. Lazima ile iliyochukuliwa ipatikane, zitimie tatu, na ipatikane haijachezewa. Aliyenayo akiichomeka kwenye kompyuta yake na kubonyeza format, Bibi Angelina amekufa mara ya pili.

Nikaanza kupiga simu kwa maduka yote yanayouza diski mjini. Wengine nawafahamu, wengine nilipewa namba. "Kuna diski ya wizi inazunguka," niliwaambia. "Nani amenunua diski iliyotumika? Atakayekutwa nayo amepokea mali ya wizi, nakuja na askari." Wote walisema hawajui. Mzee Jaffer, mwenye duka la kamera za ulinzi karibu na soko, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sijanunua kitu," akakata. Nikamtia alama na yeye.

Nilishuku mlinzi. Nilishuku dereva, Athuman, ambaye hata stoo ilipo alikuwa hajui. Kuna asubuhi nilimshuku Madam Flaviana mwenyewe, kwamba pengine ameshindwa kazi na anatafuta kisingizio. Alikuja stoo na kikombe cha chai akaniuliza kama kuna tumaini, na badala ya kumjibu nikamuuliza siku ile umeme uliporudi alikuwa wapi. Aliweka kikombe juu ya ndoo, akaenda zake. Chai sikuinywa.

Siku iliyofuata nilikuwa uani nanawa mikono, bomba likawa linavuja kwenye vidole vyangu bila kufungika. Mzee Sebastiani akaja na spana. Akafunga maji, akaifungua koki, akaipangusa, akaifunga kwenye leso yake, akaitia mfukoni.

"Unaipeleka wapi mbovu?" nikamuuliza, kwa kujiongelea tu.

"Dukani, mwanangu. Bila sampuli watakuuzia kitu kingine. Unawaonyesha ya zamani, unawaambia nipe kama hii."

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka mikononi mwangu. Nilikumbuka kitasa mfukoni mwake. Nikakumbuka fremu yenye vumbi na diski isiyo na vumbi.

"Mzee Sebastiani," nikasema. "Siku ile umeme ulipoharibu seva. Ulikwenda dukani?"

Alikaa juu ya ukingo wa karo, kofia magotini.

"Umeme uliporudi seva iliwaka kidogo, skrini ikaandika diski namba mbili mbovu," akasema. "Madam alikuwa Mtumba kwenye mkutano wa wizarani. Nikasema fundi asije bure, akute tayari. Nikazima umeme kwanza, kwa usalama. Nikahesabu, moja, mbili. Nikatoa ya pili, nikaenda nayo kwa Jaffer, akanipa kama ile. Mpya kabisa. Nikaifunga vizuri. Nilipowasha, haikuamka tena."

Nilifumba macho. Seva haihesabu kama mzee wa ofisi. Inaanza na sifuri. Diski inayoiita mbili ni ya tatu. Aliiacha maiti mahali pake akamtoa mzima, na kwa kuwa alizima umeme kwanza, taa za diski nazo zilikuwa zimezimika, hapakuwa na kitu cha kumwonyesha amekosea.

"Kwa nini hukusema?" Sauti yangu ilipanda mpaka mlinzi akageuka. "Nimesimama pale, nimeuliza kila mtu."

"Uliuliza nani ameiba," akasema. "Mimi sikuiba, mwanangu. Nilibadilisha. Nilifikiri labda kweli kuna mwizi mwingine, baada yangu. Halafu ukasema polisi." Akaigeuza kofia. "Kijana alipofunguliwa begi, nilitaka kunyanyuka. Miguu ilikataa. Nina aibu, na hilo sikufichi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilimkasirikia, na bado namkasirikia kidogo, lakini hapakuwa na muda. "Diski ya zamani iko wapi?"

"Aliniambia nimwachie, ile aliyonipa ilikuwa ya mwisho ya saizi hiyo, akataka kuilinganisha na mzigo unaokuja. Nikasema nitaipitia. Halafu nikaogopa kupita."

Tulikwenda pamoja. Njiani nilikuwa nawaza vijana wanaokaa kwenye maduka yale, wanavyochukua diski yoyote iliyolala mezani, wanaiweka kwenye mashine ya kamera ijaribiwe, na mashine inauliza, nifute? na wao wanasema ndiyo huku wakitazama simu. Nilikuwa nawaza pia simu yangu kwa Jaffer. Mtu akiambiwa ana mali ya wizi na askari wako njiani, anafanyaje? Anaitupa. Mimi ningeitupa.

Mzee Jaffer alikuwa nyuma ya kaunta yake, miwani puani, anakunja waya. Alituona, akaendelea kukunja.

"Shikamoo, Mzee Jaffer," nikasema.

"Marahaba." Akaweka waya chini. "Leo umenisalimia."

Ilikuwa kweli. Kwenye simu nilianza na neno wizi.

"Tumekuja kuhusu diski," nikasema.

"Uliniuliza nimenunua diski ya wizi. Sikununua. Mimi niliuza." Alimwelekea Sebastiani, uso ukalegea. "Mzee, nimekusubiri mpaka nikadhani unaumwa. Sampuli yako iko hapa."

Akainama chini ya kaunta, akatoa mfuko. Nikanyoosha mkono, hakunipa. Alimpa Mzee Sebastiani.

"Umeijaribu?" nikauliza. "Umeichomeka popote? Kijana wako?"

"Nichomeke ya nini? Ni ya mteja. Sampuli ya mtu haiguswi." Alinitazama juu ya miwani. "Ungeuliza kama kuna mtu ameacha sampuli, ningekuambia siku ileile."

Mzee Sebastiani akaufungua mfuko. Diski ilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye mashimo ya skrubu.

Tuliporudi Ipagala niliitolea nakala kwanza, hata kama mikono ilikuwa inanisukuma niharakishe. Nakala ilipokamilika bila kosa, niliirudisha kwenye tundu lake la pili, ile iliyokufa nikaitoa kabisa, nikawasha. Kadi ikasema inaona diski tatu za kigeni za familia moja, na mmoja wao hayupo. Ikanionyesha kwanza itakavyokuwa nikizipokea: kundi ni dhaifu, lakini linasomeka lote. Hapo ndipo nilipobonyeza Import. Madam Flaviana alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Mzee Sebastiani alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia stoo.

Mafolda yakafunguka. Kabla ya kufanya jambo lolote nilihamisha kila kitu, nakala moja huku na nyingine kule, na moja ikatoka nje ya jengo hilo ndani ya begi la Madam. Baada ya hapo akaniomba nimsikilizishe kitu, chochote, aamini.

Nilifungua faili la Bibi Angelina bila kuchagua. Kwanza kulikuwa na kuku, halafu kiti kinasogezwa, halafu sauti yake, kavu, yenye kicheko ndani yake, na ile milio ya kugonga ulimi ya lugha yao. Mimi ni Mgogo, sikuelewa hata neno. Madam alielewa machache. Bibi alisema jambo, akanyamaza kama anayesubiri kujibiwa, na sauti ya Frank ikamjibu, wote wawili wakacheka. Madam Flaviana alifunika mdomo.

"Mpigie," akaniambia. "Mimi nimempigia, hapokei. Ila ni wewe unayetakiwa kumpigia."

Nilimpigia. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Ikapokelewa. Nilisikia upepo, na kengele za mbuzi.

"Frank, habari za huko?" nikasema. "Habari za nyumbani? Hawajambo?"

Kengele za mbuzi zikaendelea.

"Frank, ujue siku ile mimi, kwa jinsi hali ilivyokuwa, yaani mtu yeyote angeona..." Nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa najieleza, na hakuna aliyeniuliza.

Nikarudisha rekodi nyuma kidogo, nikaiweka simu kwenye spika ya kompyuta, nikabonyeza.

Kuku, kiti, sauti ya Bibi Angelina. Aliuliza lile swali lake, akanyamaza akisubiri. Na kabla ya Frank wa kwenye rekodi kujibu, Frank wa Kwa Mtoro alijibu ndani ya simu, kwa lugha yao, maneno yaleyale, ila bila kicheko.

Nilishika simu pale mpaka mkono ukafa ganzi. Kila bibi alipouliza, alijibu. Rekodi ilipokwisha nilisema, "Frank," na simu ikakatwa.